Nguzo ya Antena Uani kwa Bi Tatu

Kila ninaposikia raba zikilia juu ya sakafu laini, iwe kwenye korido ya hospitali au ukumbi wa shule ya binti yangu, pua yangu hunusa vitumbua. Wengine wakisikia mlio ule hutazama chini kuona nani anateleza. Mimi hurudi Kiwalani, Jumamosi alasiri, kwenye sebule yetu ndogo yenye zulia la plastiki. Watu wamebanana mpaka mlangoni, harufu ya iliki na tui la nazi imetanda, na kwenye televisheni yetu ya kichogo vijana warefu wa chuo kimoja cha Marekani wanakimbia huku na huko, raba zao zikilia kwi, kwi, kwi. Kisha ndege inayokwenda kutua inapita juu ya bati letu, chini kiasi kwamba vikombe vinatetemeka kabatini, na picha yote inageuka chenga. Sebule nzima inaguna kwa pamoja. Ndege ikishapita picha inarudi, na kila mtu anamuuliza mwenzake, "Imeingia? Imeingia?" Tangu wakati huo nimeingia kwenye viwanja vya kweli, nimekaa kwenye viti vya kukunja nikila bisi, lakini sijawahi kuuona mpira wa kikapu ukiwa mtamu kama ulivyokuwa pale, nusu picha na nusu chenga.

Sisi tulikuwa watu wa kuja. Baba yangu, Mwalimu Rwegasira, alikuwa Mhaya wa Bukoba aliyehamishiwa Dar es Salaam kufundisha Jiografia sekondari, na Mhaya na shule ni ulimi na mate. Mtaani walimwita Nshomile, jina wanalobandikwa Wahaya wote kwa kusingiziwa kwamba kazi yao ni kujisifu wamesoma. Baba hakusingiziwa. Alikuwa mtu mwema, Mungu amrehemu, lakini alikuwa na ugonjwa wa kutaka kuwa sahihi. Ukimwambia leo jua kali, atakueleza jua liko nyuzi ngapi na kwa nini. Muuza mkaa akisema mvua za mwaka huu zimechelewa, baba atasimama pale pale na tai yake shingoni kumfafanulia pepo zinatoka wapi. Majirani zetu wengi walikuwa Wazaramo, watu wa pale tangu enzi, wenye maneno mengi na vicheko vingi zaidi, na walipochoka kusahihishwa waliacha kuja kwetu. Salamu zilibaki, maana salamu hanyimwi mtu, lakini ziliishia barabarani.

Aliyeumia ni mama. Baba alikuwa na wanafunzi wake na madaftari yake ya kusahihisha. Mama alikuwa na mimi na kuta. Nakumbuka nilikuwa darasa la tatu alipofariki mzee mmoja wa nyumba ya jirani, nasi tukajua tulipoona turubai limeshafungwa. Hakuna aliyekuja kumwambia mama chukua kisu njoo tukate vitunguu, na mwanamke asiyeitwa kukata vitunguu msibani ajue hapo mtaani hana mtu. Mama alijifunga kitenge akaenda hivyo hivyo, akakaa ukingoni mwa mkeka, akarudi kimya. Jioni wakati wa chakula alimwambia baba, "Baba Koku, tukifa hapa nani atatuzika?" Baba akasema ndugu wako Bukoba, watakuja. "Bukoba ni ng'ambo ya ziwa," mama akasema. "Fimbo ya mbali haiui nyoka." Neno lile liliniingia kama mwiba. Tangu siku ile, kila jeneza lilipopitishwa njiani nilitazama ni nani wanaolifuata, nikiwaza letu litafuatwa na nani.

Televisheni baba aliinunua kwa ajili ya taarifa ya habari, au ndivyo alivyosema. Aliikalisha juu ya meza yenye kitambaa cha kufumwa, akaweka antena juu ya nguzo ndefu ya mti iliyochimbiwa upande wetu wa uzio wa makuti, na mlango akaufunga ili vumbi lisiingie. Mtaa mzima ulijua kilichomo ndani, na mlango uliofungwa ukawa ushahidi mwingine kwamba Nshomile anajidai. Stesheni za televisheni zilikuwa changa siku hizo na hazikuwa na vipindi vya kutosha, kwa hiyo zilirusha chochote kilichopatikana. Jumamosi alasiri stesheni moja ilianza kurusha mikanda ya mpira wa kikapu wa vyuo vya Marekani. Hakuna aliyeiomba. Mtaani kwetu mpira ulikuwa wa miguu, kulikuwa na timu mbili tu duniani, na mtu akizaliwa alijikuta yuko upande mmojawapo. Lakini baba alinasa. Alipenda kwamba wachezaji wale walikuwa wanafunzi. "Tazama, Koku," aliniambia, "huyu anasomea uhandisi na bado anadunda mpira namna ile." Akachagua timu iliyovaa bluu, kwa sababu hata timu ilibidi aichague kwa sababu: chuo chao, alisema, kilikuwa na maktaba kubwa.

Msimu ninaousimulia ulianza na mvua za vuli. Upepo ulivuma Jumamosi moja, nguzo ikayumba, ikaanguka upande wa pili wa uzio, juu ya bati la banda la kupikia la Bi Tatu. Bi Tatu ndiye aliyekuwa jirani yetu wa ubavuni: mjane, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuamsha mtaa, muuza vitumbua ambaye watu walivuka reli kuvifuata. Alikuja kwetu mwiko mkononi. Mlango ukafunguliwa kwa pigo lake, na kwa mara ya kwanza jirani akaingia sebuleni.

"Mwalimu, hilo dude lako limenidondokea jikoni! Mie ningekuwa pale si ungekuwa umeniua?"

Baba alisimama kuanza kueleza kasi ya upepo. Bahati yetu njema ni kwamba Bi Tatu hakuwa akimsikiliza. Macho yake yalikuwa kwenye televisheni, ambayo kwa maajabu, antena ikiwa imelala juu ya bati lake, ilikuwa na picha safi kuliko siku zote.

"Hawa watoto warefu hivi ni wa nani?"

"Ni wanafunzi wa chuo," baba akasema.

"Wanafunzi? Sasa wanasoma saa ngapi?" Akavuta kiti, akakaa, mwiko mapajani. "Na wewe uko na wapi?"

"Bluu."

"Basi mie nyekundu," akasema Bi Tatu, bila kuuliza nyekundu ni nani wala wana maktaba gani.

Ikagundulika kwamba picha hukamata vizuri upande wa Bi Tatu tu. Fundi alijaribu kurudisha nguzo kwetu, zikaja chenga. Akaipeleka uani kwa Bi Tatu, karibu na jiko lake, vijana wakaonekana mpaka jasho. Basi ikabaki kule. Televisheni ikawa yetu na antena ikawa kwake, waya ukipita juu ya uzio kama kamba ya kuanikia, na kati ya nyumba hizo mbili hakuna aliyeweza kutazama bila mwenzake. Baba hakuweza tena kufunga mlango. Ungemfungiaje mlango mtu mwenye nguzo yako? Mgeni njoo mwenyeji apone, wanasema, ila pale sikuwa na hakika nani mgeni na nani mwenyeji.

Jumamosi iliyofuata Bi Tatu alikuja na sinia la vitumbua na dada zake. Iliyofuata wakaja na waume zao. Haukupita muda mrefu viatu vikawa vinavuliwa kuanzia barazani, watoto tukakaa juu ya zulia, wazee wakakaa kwenye makochi, vijana wakaning'inia dirishani kwa nje. Baba alitafsiri maneno ya watangazaji, na hapo ugonjwa wake ukageuka dawa, kwa sababu sasa watu walitaka kuelezwa. "Mwalimu, mbona kapewa mbili wengine wanapewa tatu?" Akaeleza. "Mwalimu, mbona kasimamishwa, si kamgusa tu?" Akaeleza. Mtaa ukagawanyika wenyewe, Bluu na Nyekundu, kwa desturi ile ile ya mpira wa miguu, na watu waliokuwa pamoja kwenye mpira wa miguu wakajikuta maadui kwenye kikapu, jambo lililowafurahisha sana. Salumu fundi baiskeli aling'oa ringi kuukuu, akaitoa spoku, akaipigilia kwenye mnazi uliokatwa kichwa karibu na bomba la maji. Kuanzia hapo kuchota maji kukawa na foleni mbili, ya ndoo na ya kutupa mpira. Vibanda umiza vya mtaa wa pili, vilivyozoea kuonesha mikanda ya mapigano, navyo vikaandika ubaoni kwa chaki: LEO KIKAPU CHA CHUO. Wasichana wakasuka mitindo ya nywele waliyoipa majina ya wachezaji. Mama zetu wakapata fimbo mpya ya kutuchapia: "Unataka kurukaruka kama wale, kwani umesoma kama wale?"

Lakini kilicholeta uhai ni utani. Mzaramo ana watani wake, Wanyamwezi na Wasukuma na wengineo, utani wa tangu misafara ya kale, na mtani ni mtu anayeweza kukutukana hadharani ukacheka. Akifa mtu, watani ndio wanaoingia msibani kwa vituko, wanazuia jeneza lisitoke, wanaingia kaburini wakagoma kutoka mpaka wapewe kitu. Wanafanya hivyo ili wafiwa wasizame kwenye majonzi. Mhaya na Mzaramo hawakuwa na utani wowote, na mama alilijua hilo. Mtu asiye na mtani ugenini ni mtu ambaye hata matusi yake hayana pa kupokelewa. Ila Bluu na Nyekundu wakaanza. Nyekundu wakifungwa, Bi Tatu alitoka kwenda kuizungusha nguzo kidogo tu, televisheni ikalia shhh, na Bluu wote wakatoka nje wakipiga kelele, "Bi Tatu, acha nguzo! Asiyekubali kushindwa si mshindani!" Yeye akajibu kutoka uani kwamba anageuza vitumbua, nguzo hakuiona. Bluu wakifungwa, Jumatatu asubuhi baba alipita na tai yake kwenda kazini, akakuta kitumbua kimoja kimefungwa kwa uzi mwekundu, kimeachwa kizingitini. Alikula. Nilimwona akila huku akicheka peke yake, na sikuwa nimewahi kumwona baba akicheka asubuhi.

Bluu walikuwa na mchezaji mmoja ambaye mtaa ulimwita Twiga. Alikuwa na shingo ndefu na upole wa ajabu. Akifunga hakupiga kelele, aligeuka tu akarudi nyuma taratibu. Hata Nyekundu walimpenda kwa siri. Jumamosi moja kabla ya mechi Twiga aliletwa katikati ya uwanja, mama yake akiwa upande mmoja na baba yake upande mwingine, akapewa maua, ukumbi mzima ukasimama. "Kuna nini? Kauzwa?" watu wakauliza. Kwenye mpira tuliozoea, mchezaji akiagwa ameuzwa. "Hakuuzwa," baba akasema. "Amehitimu. Amemaliza chuo, hachezi tena hapa." Halikuwahi kutujia wazo la timu ambayo wachezaji wake hawanunuliwi, wanamaliza shule tu na kwenda zao. Mama yake Twiga alipofuta machozi, mama yangu naye akafuta, na Bi Tatu, kiongozi wa Nyekundu, akajipangusa kwa ncha ya kanga akisema ni moshi wa jikoni.

Sasa sikiliza. Wiki chache baadaye stesheni ikarusha mkanda mwingine, Bluu wakaingia uwanjani, na aliyekuwa mbele yao ni Twiga.

Kelele zilizopigwa zilimwamsha mtoto mchanga wa nyumba ya nne. "Karudi! Twiga karudi!" Bi Tatu alisimama, akashika kiuno, akaitazama televisheni, kisha akamtazama baba, na uso wake ukachanua taratibu.

"Kafeli," akasema. "Mtoto kafeli huyo. Karudishwa darasa!"

Kwa watu waliokulia kwenye shule zetu hapakuwa na maelezo mengine. Mtu akiagwa kisha akaonekana darasani, amekariri darasa. Nyekundu wakaanguka chini kwa vicheko. "Timu ya Nshomile ina vilaza! Mhaya mzima na elimu yake anashangilia kilaza!" Baba akainua mkono wake wa ualimu. Akaeleza kwamba ile ni mikanda, stesheni imeichanganya, mechi hii ilichezwa kabla ya ile ya maua, pengine zamani. Aliongea polepole na kwa uwazi, na kadiri alivyoeleza vicheko vilipungua, mpaka sebule ikabaki na ukimya ambao niliufahamu. Ulikuwa ule ukimya wa enzi za salamu zilizoishia barabarani.

"Mwalimu," Bi Tatu akasema, safari hii bila mzaha, "unataka kuniambia hizi mechi zote zilishakwisha? Mie nakaaga hapa kila Jumamosi naomba dua, mpira uingie, mpira usiingie, kumbe naombea kitu kilichokwisha? Sie wote hapa wajinga?"

Nilimtazama mama. Alikuwa amesimama mlango wa jikoni na birika la chai mkononi, na macho yake kwa baba yalikuwa yanasema jambo moja tu. Baba alikuwa sahihi. Hapakuwa na namna ya kuwa sahihi zaidi ya pale, na ushahidi alikuwa nao. Alitazama watu waliojaa sebuleni kwake, akatazama viatu vilivyojaa barazani, akavua miwani, akaifuta kwa shati muda mrefu kuliko ilivyohitaji.

"Inawezekana," akasema. "Inawezekana kweli amekariri. Uhandisi ni mgumu."

Sebule ililipuka. Bi Tatu alimkumbatia baba mbele ya watu wote, jambo ambalo si la kawaida, akamwita shemeji, akasema Mhaya wa kwanza kukubali kushindwa kazaliwa Kiwalani. Mama aliingia jikoni haraka akaweka birika chini. Nilimfuata nikamkuta analia na kucheka pamoja. Nilikuwa mdogo lakini nilimwelewa. Nilimpenda baba siku zote, ila siku ile nilijivunia kuwa mtoto wake. Mwezi uliofuata dada mkubwa wa Bi Tatu alifariki, na kabla hata turubai halijafika, mtu aligonga mlango wetu: "Mama Koku, chukua kisu twende." Mama alikata vitunguu siku nzima, akarudi macho mekundu, ananuka moshi, hajawahi kuwa na furaha vile, Mungu amsamehe, maana ilikuwa msibani.

Msimu uliishia kwenye masika, kwa mechi ya mwisho, Bluu na Nyekundu wenyewe kwa wenyewe. Watu walikuja mpaka wa Ubungo, ndugu za majirani. Mvua ilikuwa imekatika mchana na kila kitu kilinuka udongo. Twiga alikuwepo, akicheza mwaka wake wa kukariri kwa bidii zote. Mpaka sekunde za mwisho Nyekundu waliongoza kwa pointi moja tu, na mpira ulikuwa mikononi mwa Twiga. Akaruka. Mpira ukatoka, ukapanda, na ndege ikapita juu ya bati letu.

Chenga. Vikombe vikatetemeka. Ndege ikaenda zake, lakini chenga hazikuondoka. Vijana wakatoka mbio kwenda kwenye nguzo, na picha iliporudi, mwanamke mmoja alikuwa anasoma matangazo ya vifo kwa sauti ya huzuni. Mechi ilikuwa imekwisha. Ilikuwa imekwisha na sisi hatukujua nani kashinda, na hapakuwa na wa kumuuliza, maana gazeti gani la Dar es Salaam lingeandika habari ile? Baba alisimama akatangaza kwamba kwa mwinuko ule na kasi ile mpira uliingia. Bi Tatu, aliyekuwa ameonekana akiingia kutokea uani, akatangaza kwamba uligonga chuma. "Wewe ulikuwa wapi?" Bluu wakauliza. "Nageuza vitumbua." "Vitumbua si vimeshaliwa?" Ugomvi ule uliendelea mwaka hadi mwaka. Ulisemwa harusini na bombani na foleni ya mafuta ya taa. Baba alikuwa ameukubali uongo wa kukariri, lakini hilo la mpira wa mwisho hakulikubali kamwe, na Bi Tatu hakutaka alikubali.

Baadaye baba alipata kiwanja Kibamba, akajenga, tukahama. Nyumba ilikuwa nzuri, na ukuta, na geti la chuma. Kila jirani alikuwa na ukuta na geti lake. Nilikua, nikasoma, nikaolewa, na nilipokwenda kumtembelea mama nilimkuta ametulia mno. Mwaka juzi baba alipougua na ikajulikana kwamba hatapona, mama alikaa nami jikoni akaniuliza tena lile swali, yeye mzee na mimi mtu mzima: "Koku, hapa nani atatuzika?" Nikamjibu kama baba alivyomjibu zamani, kwamba ndugu watakuja. Nilijisikia vibaya nikilisema.

Ndugu walikuja, wachache, waliochoka na safari. Majirani walikuja pia, watu wastaarabu, wakakaa kwenye viti vya plastiki wakitazama simu zao. Jeneza lilikuwa limeshainuliwa kwenda makaburini, padri yuko mbele, tuliposikia kelele getini. Waliingia watu waliovaa mekundu: kanga nyekundu, jezi nyekundu, kofia nyekundu, na kati yao wachache wa bluu. Mbele yao, akitembelea fimbo, mzee sana sasa lakini sauti ile ile, alikuwa Bi Tatu. Alivuta kiti cha plastiki akakiweka katikati ya njia, mbele ya jeneza, akakaa.

"Hapiti mtu!" akasema. "Nshomile huyu hatoki mpaka akiri."

Wenyeji wa Kibamba walishtuka. Baba mkubwa kutoka Bukoba akauliza kwa hasira huyu mama ni nani. "Mtani wake," akajibiwa. "Mtani gani? Mhaya na Mzaramo wana utani wapi?" Salumu fundi baiskeli, mvi kichwa kizima, akamwambia kwa heshima, "Wa basketi, mzee."

Bi Tatu aliliinamia jeneza. "Mwalimu. Ule mpira uliingia au haukuingia?" Akasubiri, kweli akasubiri, sikio ameliinamisha. "Hujibu? Miaka yote hii, leo ndio mara ya kwanza nasema neno na hunisahihishi." Na hapo sauti yake ikakatika, fimbo ikaanguka, na watu wote tukalia, hata waliokuwa kwenye simu.

Ndipo mama yangu, mama mpole wa ukingoni mwa mkeka, akatoka kati ya wafiwa akasimama mbele ya Bi Tatu.

"Uliingia," akasema kwa sauti kubwa.

"Nani kasema?"

"Mie nasema! Uliingia, Tatu, na wewe ndiye uliyezungusha nguzo!"

Kicheko kilichotoka pale sijawahi kukisikia msibani. Bi Tatu akacheka mpaka akashikwa na kikohozi, akainuka, akakisogeza kiti chake mwenyewe. "Haya, mpisheni Mwalimu apite," akasema. "Huyu kahitimu. Twiga wake alikariri, yeye kapita mara moja." Na jeneza la baba likatoka getini, mbele bluu kidogo, nyuma nyekundu tupu, watu wengi kuliko nilivyowahi kuthubutu kuwaza utotoni.

Siku hizi mpira wa kikapu una viwanja vyenye taa jijini, una watangazaji wa Kiswahili, na mechi za vyuo vya Marekani zinaingia kwenye simu zikiwa mbichi kabisa, bila ndege wala chenga. Binti yangu anazitazama kitandani, vifaa vya masikioni vimeziba masikio, anajua majina na urefu wa wachezaji wote, na akifurahi hufurahi peke yake. Simlaumu, ana vizuri ambavyo sisi hatukuwa navyo. Lakini siku ile ya msiba, tulipokwishakula pilau na wale wanawake wawili wamekaa mkeka mmoja, alikuja mbio na simu yake. Nilikuwa nimemwambia jina kamili la Twiga, naye akaitafuta ile mechi ya mwisho. "Bibi, nimeipata ile mechi yenu! Ipo yote mpaka mwisho. Niwaoneshe?"

Mama alimtazama Bi Tatu. Bi Tatu alimtazama mama.

"Zima," wakasema pamoja.

Binti yangu anajua kama uliingia. Nimemkataza asiniambie hata mimi. Mama alinunua kitenge cha bluu wiki ile ile, akakikunja, akakiweka kabatini, na ameapa atakivaa siku moja tu, siku atakayokwenda Kiwalani kuweka kiti njiani mbele ya Bi Tatu. Kila asubuhi kwenye sala zake humwombea Bi Tatu afya njema na miaka mingi, ili kitenge kiendelee kukaa kabatini.